Ufa Kwenye Yai

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili tangu mayai yawekwe, siku moja kupita muda wake, Mal-sun aliinama mbele ya mashine ya kutotolea vifaranga, mgongo ukimuuma. Kuku wote wa yeye na mumewe walikuwa wamefukiwa kwa sababu ya mafua ya ndege. Mayai haya kumi na mawili waliyapata kwa shemeji yake, ng'ambo ya mlima. Yasipototolewa, walikubaliana, wangehamia jijini Busan kwa binti yao.

Mumewe hakujua kwamba Mal-sun alikuwa amechoka, na kwamba moyoni alishafunga mizigo.

Akaliweka yai moja sikioni. Ndani kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti nyembamba: pii. Juu ya gamba palikuwa na ufa mdogo kama nyota, na katikati yake ncha ya mdomo, imelowa, ikitafuta hewa.

"Vipi huko, mama?" mumewe aliuliza mlangoni. Macho yake siku hizo hayakuona mbali. "Nizime umeme? Mimi nimeshakubali, twende tu."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

Mal-sun alilirudisha yai taratibu.

"Uzime nini, wewe mzee? Lete maji ya vuguvugu, upesi! Humu mkikauka vifaranga watashindwa kutoka."

Ndoo ikagonga ukuta, miguu ikakimbia. Mal-sun akaketi sakafuni, akafumba macho.