Saa ya Mama Bukwe

Makofi ya hodi yalilia nje ya kiwanda. Umba akaruka nyuma ya kabati, maana huyo njo mama bukwe wake, Agar, na mwanamume hasimami uso kwa uso na mama aliyemzaa mke wake.

Agar akatua kikapu mlangoni, akageuza mgongo. Mwadi, mke wa Umba, alisimama katikati ya mama na mume kupitisha maneno.

"Mama anasema, saa imekufa tena."

"Tena! Umwambie pole. Ile saa iko na kichwa nguvu."

Zamani kiwanda kile kilijaa watu na kelele, kikitengeneza saa za ukutani za magare yote, vile vituo vya treni. Sasa saa zilitoka Ulaya zikiwa tayari ndani ya makasha. Umba alibaki peke yake na meza moja, akirekebisha mbovu. Na shefu, mkubwa wa kiwanda, alikwisha kusema: mwisho wa mwezi akikuta meza tupu, anafunga mlango, na Umba arudi Kabongo kulima mihogo.

Kwa hiyo kila Umba alipomaliza saa ya Agar, alilegeza visi moja, ule msumari mdogo wa kukaza nyuma ya gurudumu kubwa. Saa ilitembea siku chache, kisha ikazimia. Alimhurumia mama yule mpole, asiyejua hata mshale upi ni wa dakika.

Pasaka ikafika. Kwenye maungamo, Padri Émile hakucheka hata kidogo.

"Weye unamudanganya mama bukwe yako? Kaza hiyo visi!"

Umba akaikaza mpaka vidole vikamuuma, akairudisha saa, na usingizi ukamkimbia.

Mwisho wa mwezi shefu aliingia na kufuli mkononi. Meza ilikuwa tupu, hata tone la mafuta hapana.

"Basi, Umba. Chukua kofia yako."

"Ndiyo, Bwana. Minyi naitafuta," akasema Umba, kofia ikiwa kichwani.

Makofi yakalia nje, kikapu cha Agar kikatuliwa mlangoni. Umba akaruka nyuma ya kabati. Shefu alitazama kikapu, akatazama kufuli, akalitia mfukoni na kutoka akinung'unika.

Umba alifungua saa. Visi haikuwa mahali pake. Ilikuwa pembeni, imefungwa kwa fundo ndani ya kitambaa safi, isipotee.

"Mama anasema," Mwadi akaita kutoka mlangoni, "mara ingine usikaze sana. Kisu yake ya mihogo imevunjika."