Sura Aliyoikataa Kokushubira

"Ona, nasi tuone!" waliitikia kwa pamoja, kabla Elpidius hajafungua kinywa.

Huko Nyakatuntu watu wakishaitikia hivyo, kinachofuata ni hadithi, iwe imetoka kwa bibi mzaa baba au kwenye kitabu cha Mzungu.

Katekista Elpidius aliketi kwenye kigoda chake nje ya kanisa, kitabu mapajani. Kiliachwa na Mzungu mmoja mchimba madini ya bati, nacho kilihusu viumbe walioshuka kutoka nyota ya mbali kuja kuiteka dunia. Kila Jumapili baada ya misa aliwasimulia sura moja kwa Kinyambo. Watu walinogewa mno, hata wachunga ng'ombe waliozoea kuikwepa misa sasa waliwahi nafasi za mbele. Naye alinogewa na kunogewa kwao. Mbinu hazikumwishia: alishusha sauti, alitoa macho, aliapa kwamba leo si hadithi, leo ni kweli tupu, mpaka watoto wakajificha kwenye nguo za mama zao.

Jumapili iliyopita wavamizi walitoweka mawinguni. Wiki nzima watu walibishana watarudi vipi, naye Elpidius alitabasamu tu, akawaacha wabishane.

Leo hakutabasamu. Tangu arudi kutoka bomani kwa serikali asubuhi ile, alikuwa na habari moja tu kichwani. Alitaka kitu kimoja tu: wamwamini. Hata kitabu hakukifungua.

"Watakuja leo, kabla jua halijazama," alisema. "Watakuja na malori."

"Malori?" Bibi Kokushubira alidakia. "Si walikuwa wanaruka hawa? Wamefilisika?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kokushubira alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, Bihogo, aliyemlea tangu ndama kwa maziwa ya kuomba baada ya mama yake kufa. Kwa kuwa hakukosa sura hata moja, alilolisema yeye kuhusu hadithi ile ndilo lililobaki.

"Nyumba zote zitachomwa," Elpidius aliendelea. "Migomba itakatwa, asiwepo mtu wa kutamani kurudi. Ng'ombe watakaokutwa watapigwa risasi. Nanyi mtapakiwa, mpelekwe mbali. Wanasema ni kwa faida yenu. Wanasema mbung'o wamejaa porini na malale yatawamaliza."

"Hapo ndipo mwandishi alipokosea," alisema Kokushubira, akiwageukia wenzake. "Wale wa mwanzo niliwaogopa, usingizi ukanikimbia. Hawakusema neno. Walichoma, wakapita. Hawa wa leo wanakuchomea nyumba, wanakuulia ng'ombe, halafu wanakwambia wanakuponya? Mtu mwenye akili zake ataamini hayo?"

"Hataamini!" watu walimwitikia.

Elpidius alisimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Jamani, hii si hadithi! Naapa kwa Bikira Maria! Bibi, nakuomba, mchukue Bihogo sasa hivi umvushe mto. Sasa hivi!"

Makofi yalilipuka. Kuapa kwake walikuzoea, lakini kiapo hiki cha Bikira Maria kilikuwa kipya, na hili la kumtia Bihogo ndani ya kitabu liliwafurahisha kupita yote.

Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowafundisha sala, watu waliomzikia baba yake. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kukimbilia nyumbani kwake. Machozi yakamtoka mbele yao, na hakuyafuta.

"Hata machozi!" mtu mmoja alisema kwa furaha. "Leo Mwalimu amejishinda."

Kokushubira pekee ndiye aliyemhurumia. Aliinuka, akakung'uta nyasi nguoni, akaja kumshika bega.

"Usilie, Mwalimu. Kosa si lako, ni la huyo aliyeandika. Alianza vizuri mno, sasa amechoka, anaokoteza. Jumapili tuletee sura yenye kichwa na miguu." Kisha akaenda zake, maana alikuwa amemwacha Bihogo bila maji.

Walitawanyika wakichekeana, kila mmoja akiigiza kile kiapo. Elpidius aliwaita tena. Walimpungia mikono.

Nyumbani alimkuta Xaveria, mkewe, ameketi juu ya magodoro yaliyofungwa kamba, kuku wawili miguuni pake.

"Wamesemaje, Baba Rozi?"

"Wamesema mwandishi amechoka."

Xaveria alimkazia macho.

"Mwandishi gani? Ina maana mpaka leo hujawaambia kwamba kitabu kiliisha Jumapili iliyopita?"

Nyuma ya kilima lori la kwanza lilikuwa likibadilisha gia.