Nepi za Taulo

"Tia kidole hapo! Tia uone!" Mumina alimwambia Jefwa, muuza nguo wa soko la Garsen. Kidole cha Jefwa kikapenya nepi na kutokea upande wa pili. "Ndiyo hiyo pamba uliyoniapia? Ndiyo ya kulea watoto watatu?"

Jefwa aliipokea ile nepi ya taulo, akaigeuza, akaiinua juani.

"Dada, mtoto ana umri gani?"

"Miezi mitano."

"Ni pacha?"

"Pacha watoke wapi? Si huyu Kadra, unamwona mgongoni!"

"Basi hizi zinafuliwa kupita kiasi. Na ona pembe zake, zimevutwa mpaka zimelegea. Nepi ya mtoto hukunjwa, haivutwi hivi."

Mumina alimpokonya nepi yake akaenda zake. Loo, mfanyabiashara akikosa jibu hukosi kulaumiwa wewe mnunuzi! Njia nzima alikuwa akizungumza peke yake, na Kadra mgongoni akilia kwa joto.

Kilichomkera zaidi ni zile leso. Siku aliyojifungua, mama mkwe wake, Mama Tuneya, alichukua leso kuukuu zilizopauka akazikata vipande. "Taulo ziweke za kutokea," alimwambia. "Humu nyumbani mtoto leso inamtosha." Mumina akatii, maana mkwe ni mkwe. Kadra akavalishwa leso asubuhi na jioni, na hadi leo vipande vile ni vizima. Taulo nene, ambazo mtoto huvaa kwa nadra akipelekwa kliniki, ndizo zimekwisha. Jamani, nguo isiyovaliwa inachakaaje?

Jibu alikuwa nalo. Mama Tuneya huamka kabla ya adhana ya alfajiri na kufua, na hataki kusaidiwa. Mumina akitoka nje huzikuta taulo ziko kwenye kamba nyuma ya nyumba, zinadondoka maji. Akiuliza, huambiwa zilishika vumbi. Vumbi gani hilo linaloingia ndani ya sanduku? Bibi yule anazisugua kwenye jiwe makusudi, zichanike, aonekane alisema kweli kuhusu leso zake. Mumina alikuwa na hakika.

Nepi angemsamehe. Safari ndiyo hakuweza kumsamehe.

Tangu mvua za El Nino zikate barabara, Mumina hajafika kwao Madogo. Baba yake, Mzee Wario, mfugaji mwenye ng'ombe zake na maneno yake, hakupenda binti yake aolewe na Komora, mtoto wa wakulima wa mtoni. Lakini alipopata habari za mjukuu alilegeza moyo, akatuma ujumbe: "Mama wa Komora aje mwenyewe anipe mtoto mkononi. Akija, sina neno tena na ndoa hiyo." Mumina alilia kwa furaha siku ile. Sasa barabara inapitika, Komora ameazima gari, watu wa Madogo wamekwisha chagua mbuzi wa kuchinja, na Mama Tuneya amesema haendi.

"Kukaa garini kutwa nzima sikuwezi," alisema. "Nendeni nyinyi."

"Mama, u mgonjwa?"

"Mimi? Sina ugonjwa."

Na kweli hakuwa na dalili. Jembe alishika, kuni alibeba. Ila kuwatembelea watu ndiko alikokataa. Hata harusi ya mpwa wake kule Idsowe alisimama mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho. Alikaribishwa mkekani akakataa, akarudi kwa miguu peke yake.

"Mama yako anatudharau," Mumina alimwambia mumewe. "Kwake sisi Waorma si watu wa kukaa nao."

"Mama hana dharau," alisema Komora. "Muache tu."

Muache! Kila siku muache. Nani atamweleza Mzee Wario kwamba mama wa Komora ana nguvu za kulima lakini hana nguvu za kukaa kwenye kiti? Mzee atageuza uso tu, na Mumina alimjua baba yake. Akigeuza uso mara ya pili hageuki tena.

Asubuhi ya safari Komora aliwasha gari nje. Mumina akamwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamvalisha gauni, kisha akafungua sanduku achukue taulo chache zilizosalia, angalau mjukuu asifikishwe kwa babu yake na kitambaa cha leso.

Sanduku lilikuwa tupu. Hakukubakia hata moja.

Hapo subira ilimwishia. Alimlaza Kadra kitandani, akavuka ua mbiombio. Leo atayasema yote: nepi, Madogo, dharau. Na amfukuze akitaka! Aliusukuma mlango wa Mama Tuneya bila kupiga hodi.

Mama Tuneya alikuwa amesimama katikati ya chumba, buibui lake la Idi amelipandisha hadi kiunoni, taulo zimemzunguka mapajani.

"Funga mlango," alinong'ona. "Komora asione."

Kisha akamnyooshea pini. "Nibanie hapo nyuma, mwanangu, na uniongezee nyingine juu yake. Nataka nijaribu kama nitafika kwa baba yako bila kulowesha kiti."