Pikipiki ya Kazini

Omer alitupa spana chini. Tangi dogo la mafuta alilolifunga jana kwenye pikipiki lilikuwa limefunguliwa na kuegemezwa ukutani, na lile kubwa la zamani limerudishwa mahali pake.

"Mukalay, mi natengeneza, we unaharibu."

"Ile kadogo itaishiwa mafuta, tata," Mukalay alijibu bila kumtazama.

Omer alimweleza tena kwamba mbio zenyewe za pikipiki ni fupi kuliko safari ya sokoni, kwamba mafuta ya ziada ni mzigo, na kwamba hajaona mtu akibeba mafuta ya kumfikisha mji wa Likasi ili azunguke kilima cha udongo. Mukalay alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Tangi kubwa likabaki.

Ilikuwa kiangazi, vita ya jimbo la Shaba imeisha juzijuzi. Kwenye kitambulisho Omer aliitwa Ngeleka, kwa sababu majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali, lakini mtaa wote wa Manika ulimwita Omer, na waliokuwa wadogo kwake wakaongeza tata, yaani baba. Kwa miaka mingi aliwatengenezea pikipiki Wazungu wa klabu ya mashindano, hadi goti lake lilipovunjika wakaacha kumwita. Mashine zake zilishinda, makofi wakapigiwa wengine. Sasa klabu ilikuwa imeruhusu watu wa mitaani kuingia na pikipiki zao, na Omer alitaka jambo moja tu: wale mabwana waone mashine aliyoijenga mwenyewe, uani kwake, ikiwapita.

Mukalay, karani wa bohari mgodini na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeleta pikipiki. Ilikuwa nyepesi, ya Kijapani, na ilikuwa imempeleka kazini na kumrudisha hadi rangi yake haikujulikana tena. Omer alishangaa mtu mpole vile kutaka mashindano. Halafu akadhani ameelewa. Kalenga, mdogo wake Mukalay, alikuwa amechukuliwa na askari, ikidaiwa kwamba aliwapa waasi chakula, na tangu siku hiyo habari zake hazikusikika. Mtu mwenye uchungu wa namna hiyo, Omer aliwaza, lazima apate kitu cha kushika mikononi.

Kazi ilianza vizuri. Waling'oa taa na vibati vya kuzuia matope, wakainua usukani, wakachomelea fremu mahali palipochoka, wakafunga springi ndefu mbele na matairi ya vinundu. Pikipiki ya karani ikaanza kusimama kama mnyama anayetaka kuruka ua. Omer alikuwa akiamka na kwenda kuitazama kabla hata ya kunawa uso.

Kisha ubishi ukaanza. Omer alikata bomba la moshi ili injini ipumue. Mukalay akaomba lile refu lirudishwe, akisema kelele zitamwamsha mtoto wake mchanga. Omer alitaka kiti kifupi cha mtu mmoja; Mukalay akasema amezoea kile kirefu. Omer alipobadilisha gia za nyuma ili ipate mbio, Mukalay alitaka zirudi zile zinazovuta mzigo. Kila mara aliomba kwa upole, na upole huo ndio uliomchosha Omer kuliko matusi. Alimlalamikia mke wake, Mianda, kwamba anatengenezeshwa punda wa kubebea mihogo na kuambiwa ni farasi.

Siku ya mwisho kabla ya mbio alimwuliza jirani yake waziwazi kama anaogopa kushinda.

Mukalay alifuta mafuta mikononi taratibu. "Tata Omer, iko na nguvu ya kufika?"

"Kufika wapi?"

"Kumaliza."

"Itafika fasi yote unataka," Omer alisema kwa hasira. "Lakini nyuma ya bote."

Jumapili, baada ya misa, watu walijaa. Njia ilianzia juu ya kilima cha udongo wa mgodi, ikashuka bondeni, ikapita kwenye kizuizi cha askari katika barabara ya kusini, ikaenda hadi kwenye pipa jekundu na kugeuka. Siku nyingine hakuna aliyepita pale bila karatasi ya jeshi. Siku hiyo gogo la kizuizi lilikuwa limeinuliwa, na askari mwenyewe alikuwa akipiga makofi. Omer alisimama kando yake ili awaone vizuri wakishuka.

Wazungu walipita kwanza, injini zikinguruma. Mukalay alikuja wa mwisho, amekaa wima, pikipiki ikinong'ona, kama mtu anayewahi zamu. Watu walicheka. Omer aliinamisha kichwa. Macho yalimwuma kwa hasira.

Mmoja baada ya mwingine waligeuka kwenye pipa na kurudi. Mukalay alilifikia pipa, akalipita.

"Kata!" Omer alipaza sauti. "Mukalay, kata kona!"

Mukalay hakukata. Alikwenda moja kwa moja mpaka miti inapoanzia, upande wa mpaka wa Zambia, akasimama. Ndaya, mke wake, akatoka majanini, mtoto mgongoni na kifurushi mkononi, akapanda nyuma yake. Pikipiki ikaingia msituni bila kusikika.

Askari alikuwa akiwashangilia waliokuwa wakirudi. Alipogeuka, aliona barabara tupu na vumbi, akauliza yule wa mwisho amekwenda wapi.

"Breki imekatika, chef," Omer alisema. "Atarudi na miguu. Ile pikipiki, ni mi nilitengeneza mubaya."