Mvule wa Kaburini

Alipomzika mkewe, Makoko alipanda mche wa mvule kando ya kaburi, akaufunga kwa waya kwenye nguzo usije ukavunjika. Kwa miaka mitatu aliumwagilia maji kila asubuhi, lakini majani yalizidi kunyauka. Mwishowe akamwita Bi Hadhara, mwenye kitalu cha miche.

Bi Hadhara alipapasa shina, akashtuka. Waya ulikuwa umezama ndani ya gome.

"Kaka, umeunyonga."

"Mimi?" Makoko akauliza. "Mimi niliyeulea?"

"Mti mchanga huachwa uyumbe kidogo, ndipo upate nguvu."

Akaukata waya kwa koleo. Mvule ukalala upande. Makoko akaudaka kwa mikono miwili, akabaki ameukumbatia, asithubutu kuuachia.