Kata Zilizoondolewa

Siku hizi ni marufuku kumwambia mtu hali ya hewa; kila kata hupokea utabiri wake kutoka kwenye seva za Kituo cha Hali ya Hewa. Kazi ya Atuganile ilikuwa kupanga nafasi katika seva hizo. Utabiri mpya, unaoonyesha mvua shamba kwa shamba, ulikuwa mzito mara nne kuliko wa zamani. Aliomba mashine zaidi, akajibiwa asubiri miaka miwili. Basi akaondoa kata kumi na moja zenye watu wachache, ili zilizobaki zienee. Mojawapo ilikuwa ya kwao, kule Kyela.

Alhamisi asubuhi mdogo wake, Ambakisye, alimpigia simu ofisini.

"Dada, utabiri haujaja tangu Jumatatu. Mpunga wote tumeshavuna. Nianike?"

Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake, mvua kubwa ilikuwa ikishuka kutoka milimani kuelekea kwao. Simu zote za ofisi zilikuwa zikisikilizwa, na yeyote aliyevujisha utabiri alifungwa.

"Tazama mawingu," alisema.

"Nayatazama, dada. Baba ndiye aliyejua kuyasoma. Mimi nimezoea kuambiwa."

Atuganile aliitazama mvua ikisogea kwenye kioo.

"Basi naanika," Ambakisye alisema. "Kungekuwa na hatari ungeniambia."