Wali wa Kalunguyeye

Zamani, wanyama walipokuwa na meko kama sisi, aliishi Kanga mmoja mpenda sifa. Kila Ijumaa aliwapikia wanyama wasio na makao, na hakupakua mpaka wamshangilie.

Ijumaa moja akamwona Kalunguyeye, mpole asiye na maneno mengi, akifunga wali kwenye jani la mgomba.

“Mwizi wee!” Kanga akapayuka mbele ya foleni nzima. “Umeshakula ukashiba. Huo unampelekea nani?”

“Mgonjwa, bibi.”

“Kwa nini asije kupanga foleni kama wenzake?”

“Anaona aibu.”

“Aibu ya nini? Hapa kwangu kila mmoja anakaribishwa!”

Kalunguyeye akainamisha kichwa. “Anaona aibu kupanga foleni mlangoni kwa mwanawe. Analala kichakani tangu ulipomtoa chumbani mwake upate pa kuweka masufuria.”

Kanga akalichukua lile jani, akapita kichwa chini mbele ya wote waliomshangilia.

Alipofika njiani ilimbidi arudi kumuuliza Kalunguyeye kichaka chenyewe kiko wapi.